Binti yangu anachanganya mzingo na eneo: ni uzembe, au ana tatizo?

Swali: "Binti yangu ana miaka 10 na yuko darasa la tano. Kujumlisha, kutoa na kugawanya hakumsumbui, na majedwali ya kuzidisha anayajua hadi 12. Lakini tangu waanze jometri na vipimo alama zake zimeshuka sana. Akipima penseli ya sentimita 7 anaandika 8. Akiulizwa eneo la mstatili wenye urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 4 anaandika 20, na siku nyingine akiulizwa mzingo wa mstatili huohuo anaandika 24. Mraba ukichorwa umeinama anasema huo si mraba. Pembe ya nyuzi 60 aliipima akapata 120. Juzi aliandika kwamba mita ya mraba 1 ni sawa na sentimita za mraba 100, na nilipomkosoa alilia. Mwalimu wake anasema ni uzembe wa kutosoma swali na kwamba akariri kanuni. Je, nimkaririshe, nimtafutie mwalimu wa masomo ya ziada, au nimwache akue litaisha lenyewe? Nahofia huenda ana tatizo la kujifunza."

Mzazi, nianze na hofu uliyoiweka mwisho wa swali lako, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili ya tatizo la kujifunza. Ninachokiona ni mtoto anayejua kuhesabu vizuri, ambaye sasa amefikishwa kwenye aina ya hesabu ambamo kitu cha kuhesabiwa hakijionyeshi chenyewe, naye anahesabu kile kilicho karibu na jicho lake. Makosa yote matano uliyoyataja yanajulikana sana kwa wanaofundisha jometri ya shule ya msingi, na huwapata hata watoto walio wepesi wa kuelewa.

Kuhusu uzembe, natofautiana na mwalimu wake, ingawa namwelewa: mwenye darasa kubwa na rundo la madaftari huona jibu tu, wala hapati nafasi ya kuona njia iliyolizaa. Mtoto mzembe hukosea ovyo. Leo penseli ni 6, kesho ni 9. Binti yako anapata 8 palipo na 7, anapata 120 palipo na 60, na 20 palipo na 24. Kila jibu lake lina njia yake, na mtu aliyeizoea kazi hii anaweza kulitabiri kabla hajafungua daftari. Kosa linalotabirika lina kanuni nyuma yake, na mtoto anaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu kabisa. Kazi yetu ni kuijua ni ipi.

Kupima, kwa asili yake, ni kuhesabu vizio, yaani vipande vya kipimo vilivyo sawa, kama sentimita. Unachagua kizio, unakipanga juu ya kitu bila kuacha mwanya na bila kukipandanisha, kisha unahesabu vimeingia vingapi. Mtoto anapohesabu vitabu kumi, vitabu vyenyewe vimekwisha kutengana, kila kimoja kinasimama peke yake. Urefu wa penseli haujatengana. Ni mfululizo mmoja, na mtoto ndiye anayetakiwa kuukata akilini mwake kabla ya kuhesabu. Rula, kipimapembe na kanuni za eneo vimeshaufanya mkato huo kwa niaba yake, na ndiyo sababu ni vyombo vyepesi kwa mtu mzima na vya kupotosha kwa mtoto, kwa kuwa vinamkabidhi namba bila kumwonyesha namba hiyo inahesabu nini.

Tuchukue ile penseli, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengine yote. Jibu 8 kwa penseli ya sentimita 7 linaweza kutoka kwenye makosa mawili yasiyofanana hata kidogo. Huenda aliiweka ncha ya penseli kwenye alama ya 1, kwa kuwa kuhesabu kote alikojifunza tangu utotoni huanza na moja, kisha akasoma namba iliyo kwenye ncha ya pili, ambayo kweli ni 8. Au huenda aliiweka vizuri kwenye sifuri, halafu akahesabu vistari: cha sifuri, cha moja, cha mbili, mpaka cha saba, na vistari hivyo vyote kwa pamoja ni 8. Ukimwambia "anzia sifuri", utamsaidia yule wa kwanza, na yule wa pili atakushangaa, kwa sababu yeye sifuri alianzia.

Jaribio la kuwatenganisha ni rahisi. Weka penseli hiyohiyo mbele yake, ianzie alama ya 3 na kuishia alama ya 10, umuulize ina urefu gani bila kuisogeza. Akisema 10, ni msomaji wa namba ya mwisho. Anaamini rula hujibu kwa ile namba iliyo kwenye ncha. Akisema 8, anahesabu vistari. Akisema 7, ameelewa kwamba kinachohesabiwa ni nafasi zilizo kati ya vistari, na kosa lake la awali lilikuwa la kuweka tu. Usimwambie jibu. Mpe vipande vya karatasi ulivyovikata vya sentimita moja moja, vya rangi mbili zinazopishana, avipange kando ya penseli, avihesabu, kisha aisogeze rula karibu na vipande hivyo aone namba 1 ya rula imeandikwa wapi. Imeandikwa mwishoni mwa kipande cha kwanza. Hapo ndipo wengi hushtuka, kwa sababu kwa muda wote huo walidhani namba 1 ni jina la kile kistari. Anaweza pia kunyoosha vidole vitano vya mkono mmoja na kuhesabu nafasi zilizo katikati; atapata nne, na hatauliza tena kwa nini vistari 8 vinafanya sentimita 7.

Angalia pia rula yenyewe. Rula nyingi zina kipande kitupu kabla ya sifuri, na mtoto anayeanzia kwenye ukingo wa plastiki hupata jibu linalopungua kwa milimita kadhaa. Ni jambo dogo, lakini kwa mtoto ambaye ameshaanza kujiona hawezi, milimita hizo ni alama ya kosa yenye wino mwekundu.

Mzingo na eneo ni habari ndefu zaidi. Tazama jinsi mambo haya mawili yanavyofundishwa: aghalabu katika majuma yaleyale, juu ya mstatili uleule, kwa kutumia namba zilezile mbili, na kwa kanuni mbili zinazoanza na urefu na upana. Mtoto aliyekariri kanuni bila kuona kinachohesabiwa anabaki na hesabu mbili, moja ya kujumlisha na moja ya kuzidisha, na majina mawili, na hana chochote kinachofunga jina na hesabu yake. Anabahatisha, na akibahatisha atapata mara moja katika kila mbili, kiasi kwamba yeye mwenyewe haelewi kwa nini leo amepata na kesho amekosa. Ndicho kinachomtokea binti yako: 20 ni mzingo sahihi wa mstatili wake, na 24 ni eneo sahihi. Hesabu zake hazina kosa hata moja. Ongeza na mifano mibaya: mraba wenye upande wa sentimita 4 una mzingo wa sentimita 16 na eneo la sentimita za mraba 16, na ukiutumia mraba huo kufundishia umemthibitishia mtoto kwamba vitu hivi viwili ni kimoja.

Kabla hujamfundisha lolote, mwombe asihesabu. Mpe mstatili uliochorwa kwenye karatasi umwambie, "Nionyeshe mzingo kwa kidole." Kisha, "Sasa nionyeshe eneo." Watoto wengi watazungusha kidole kwenye ukingo mara zote mbili, wengine kwa eneo watagusa nukta moja katikati, kana kwamba eneo ni mahali fulani tu. Mwenye kuelewa atafuata ukingo kwa mzingo, na kwa eneo atapangusa kiganja juu ya uso wote. Jaribio hili halichukui dakika moja, na linakueleza zaidi ya ukurasa mzima wa mazoezi.

Baada ya hapo mpe uzi na miraba ya karatasi yenye upande wa sentimita 1. Auzungushe uzi kwenye ukingo, aukate, aunyooshe juu ya rula: sentimita 20. Kisha aufunike uso kwa miraba, akianza na safu moja ya miraba 6 na kuongeza safu mpaka zifike 4. Mwache agundue mwenyewe kwamba hana haja ya kuhesabu mraba mmoja mmoja, kwani safu zote ni sawa. Hapo kuzidisha kunakuwa njia yake ya mkato, na kanuni ya urefu mara upana inakuwa mali yake. Akiwa na karatasi ya miraba, uwe macho na kosa moja linalojificha hapa. Akiulizwa mzingo anaweza kuhesabu miraba inayogusa ukingo kwa ndani, na kwa mstatili wa 6 kwa 4 atapata 16. Ukiona 16, usifikiri amebahatisha. Amehesabu miraba badala ya pande zake zilizo nje, na mraba ulio kwenye kona, ambao una pande mbili za nje, ameuhesabu mara moja tu.

Lipo kosa jingine ambalo swali lako halikulitaja lakini litakuja, nalo huwashinda hata watu wazima wengi: kuamini kwamba mzingo ukibaki uleule eneo nalo hubaki lilelile. Fungeni uzi wa sentimita 20 uwe duara, kisha wekeni vidole kwenye kona mtengeneze mistatili mbalimbali. Ule wa 9 kwa 1 una eneo la sentimita za mraba 9. Wa 8 kwa 2 una 16. Wa 7 kwa 3 una 21. Wa 6 kwa 4 una 24. Na mraba wa 5 kwa 5 una 25. Uzi ni uleule. Ndugu wa kosa hili hujitokeza kwenye kukata. Chukueni karatasi ya sentimita 10 kwa 8, yenye mzingo wa 36 na eneo la 80, mkate kwenye kona moja kipande cha mstatili cha 4 kwa 3. Muulize kabla ya kupima: mzingo umepungua? Karibu kila mtoto husema ndiyo. Eneo limeshuka hadi 68, lakini mzingo ni 36 vilevile, kwa kuwa pande mbili mpya zilizoingia ndani zina urefu sawasawa na zile mbili zilizoondoka. Na kipande hichohicho mkikikata katikati ya upande mrefu, sentimita 3 zikiwa ndizo za kwenda ndani, eneo litakuwa 68 tena, ila mzingo utapanda hadi 42. Mimi zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu haliwezekani kwa kukariri. Linamlazimisha mtoto atazame.

Lile la mita ya mraba nalo linatoka pale pale. Anajua kwamba mita 1 ni sentimita 100, na amelipeleka jibu hilo kwenye miraba bila kuona kwamba kizio kimebadilika. Msimamie muunganishe karatasi kuukuu mpaka mpate mraba wa mita moja kila upande, muutandaze sakafuni, kisha achore ukingoni mwake ukanda wenye upana wa sentimita moja kutoka kona hadi kona. Ukanda huo una sentimita za mraba 100. Hilo ndilo jibu lake, na ni muhimu alione lilipo: ni safu moja. Safu kama hiyo ziko 100, na kwa hiyo mita ya mraba ni sentimita za mraba 10,000. Mwaka ujao au ule unaofuata atakutana na mita ya ujazo, ambayo ni sentimita za ujazo 1,000,000, na lita, ambayo ni sentimita za ujazo 1,000. Kama ameuona ule ukanda sakafuni, hatahitaji kubabaika. Kwa njia hiyohiyo ataelewa kwa nini mraba ukiongezwa upande mara mbili eneo lake huongezeka mara nne.

Kwenye ujazo, kwa kuwa umefika karibu, kuna jambo moja la kujua mapema. Mtoto akionyeshwa picha ya mche mstatili uliojengwa kwa vimchemraba, 4 kwa 3 kwa 2, jibu sahihi ni 24. Akijibu 26 amehesabu nyuso anazoziona kwenye picha, 8 za mbele, 12 za juu na 6 za ubavuni, na vile vya kona amevirudia. Akijibu 18 amehesabu vile vinavyoonekana tu na kuvisahau vilivyofichika. Dawa ni kujenga umbo lenyewe kwa mikono, tabaka kwa tabaka.

Sasa mraba ulioinama. Hapa tatizo ni la aina nyingine, na waliolieleza vizuri ni mume na mke Waholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walimu waliowasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1957. Walionyesha kwamba fikra za jometri hupanda ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza mtoto hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyoutambua uso wa mtu. Mraba ni kile kinachofanana na miraba aliyoizoea. Kwenye ngazi inayofuata huanza kuziona sifa: pande nne zilizo sawa, pembe nne za nyuzi 90. Baadaye kabisa ndipo anapoziunganisha sifa hizo na kukubali kwamba kila mraba ni mstatili pia. Na jambo walilolisisitiza, ambalo linakuhusu wewe moja kwa moja, ni kwamba kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine hutegemea zaidi mafundisho kuliko umri. Mtoto hakui tu akaamka siku moja yuko ngazi ya pili.

Binti yako anahukumu kwa sura, na vitabu vimemsaidia kufanya hivyo, maana miraba mingi iliyochapishwa imekaa wima, na pembetatu karibu zote zimelalia kitako. Kata mraba kwenye karatasi ngumu, uuweke wima mbele yake, kisha uuzungushe polepole, ukimwomba aseme "simama" pale unapoacha kuwa mraba. Atasema mahali fulani. Uurudishe nyuma kidogo, umuulize ni upande gani uliobadilika urefu na ni pembe ipi iliyobadilika. Mpe rula apime. Mtoto hujikuta kwenye ubishi na macho yake mwenyewe, na ubishi huo ndio unaomsogeza kwenye kuzitazama sifa. Habari ya mraba kuwa mstatili usimlazimishe sasa. Ikija darasani, sawa, lakini kwa mtoto ambaye bado anatazama sura, sentensi hiyo inasikika kama mchezo wa maneno tu.

Mazoea hayohayo ya kuona maumbo yamesimama wima humfanya mtoto baadaye auchukue upande ulioinama kuwa kimo. Msambamba wenye kitako cha sentimita 8, upande wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 4 una eneo la sentimita za mraba 32, na jibu la 40 utaliona tena na tena.

Pembe ya nyuzi 60 iliyopimwa ikawa 120 ina chanzo kinachoonekana kwa macho: kipimapembe kina mistari miwili ya namba, mmoja unaoanzia kulia na mwingine kushoto, na kila alama ina namba mbili ambazo jumla yake ni 180. Alisoma mstari usio wake. Unaweza kumfundisha afuate mstari unaoanza na sifuri juu ya mkono wa pembe, na ni sahihi, lakini ulinzi wa kudumu ni kumzoeza kukadiria kabla ya kupima. Kunja karatasi yoyote mara moja, kisha uikunje tena huku ukilaza ukingo wa mkunjo juu yake wenyewe. Utapata kona ya nyuzi 90. Ukiikunja kona hiyo nusu kwa nusu utapata 45. Kabla hajagusa kipimapembe aiweke kona ya nyuzi 90 juu ya pembe na aseme: ni kali, yaani ndogo kuliko kona hiyo, au ni butu, yaani kubwa kuliko hiyo? Akishasema ni kali, 120 haitapita. Hakikisha pia kwamba kitovu cha kipimapembe kimekaa juu ya ncha ya pembe, na kwamba anatumia mstari wa sifuri uliochorwa badala ya ukingo wa chini wa plastiki. Na siku moja mchoree pembe mbili zilizo sawa, moja ikiwa na mikono mirefu na nyingine mifupi, umuulize ipi kubwa. Akichagua yenye mikono mirefu, bado anadhani pembe ni umbali ulio kati ya ncha za mikono, na atahitaji kuiona pembe kama kugeuka: asimame, anyooshe mkono, ageuke robo ya mzunguko, kisha nusu.

Saa sikuulizwa, lakini nitaipitia kwa sentensi moja kwa sababu ni ukoo huohuo: ukimuuliza muda uliopita kutoka saa 1:45 hadi saa 3:20 akajibu saa 1 na dakika 75, ametoa kana kwamba saa ina dakika 100, na jibu la saa 1 na dakika 35 atalipata kirahisi akienda kwa hatua, kwanza hadi saa 2:00, kisha hadi saa 3:00, kisha dakika 20 zilizobaki.

Nije kwenye njia tatu ulizozitaja. Kukariri kanuni kuna faida yake, nisikufiche. Siku moja atahitaji kanuni hizo zije haraka, na kama mtihani ni kesho kutwa basi kukariri kutamwokolea alama mbili tatu. Ila kukariri kukitangulia kuelewa, kunamrudisha kulekule kwenye kubahatisha, kwa sababu kanuni anazo tayari. Kinachokosekana ni kujua ipi inahesabu nini. Pia kuna ukweli katika lile la kusoma swali. Mzoeze kuandika kizio kabla ya jibu: akianza kwa kuandika "sentimita za mraba" na nafasi tupu mbele yake, ameshajiambia kwamba atahesabu miraba.

Masomo ya ziada yanategemea mtu utakayempata. Akija na karatasi nyingine 30 za mazoezi yaleyale, utakuwa umelipia kosa lizidi kukomaa. Muulize swali moja kabla hamjakubaliana: "Mtoto akisema eneo ni 20, utafanya nini?" Anayejibu "nitamrudishia kanuni" mshukuru. Anayejibu "nitamuuliza amefikaje huko" mfikirie. Kwa mambo uliyoyaandika, hata hivyo, robo saa ya nyumbani mara tatu au nne kwa wiki, kwa uzi, mkasi na karatasi, inaweza kutosha, na wewe huhitaji kuwa mwalimu wa hesabu ili kuifanya.

Kumwacha akue ndiyo njia ninayoipinga. Kuna mambo yanayokomaa kwa umri, kama vile kukubali kwamba kamba ikikunjwa urefu wake haubadiliki, jambo ambalo mtoto wa miaka 10 kwa kawaida ameshalivuka. Kuchanganya mzingo na eneo hakumo katika kundi hilo. Kusipofanyiwa kazi hukaa mpaka utu uzima.

Na yale machozi. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu huumia zaidi akianza kukosea, kwa sababu amepoteza kitu alichojivunia. Badilisha mpangilio wa mazungumzo yenu: kabla ya kusema kama ni sahihi au si sahihi, mwombe akueleze alivyofika hapo, na mwulize hivyo hata kwa majibu aliyopata, la sivyo ndani ya siku mbili atajua kwamba kuulizwa ni ishara ya kukosea. Kisha mwambie kilicho kweli: kwamba 20 ni mzingo sahihi. Alikuwa amejibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.

Yapo mambo yatakayonifanya nikushauri umwone mtu ana kwa ana. Kama anaisogeza rula karibu sana na uso, anainamisha kichwa, anaruka mistari anaposoma au analalamika kwamba vistari vinacheza, aanze kwa kupimwa macho, kwani vistari vya milimita ni vidogo na vinamdai kuona vizuri. Kama hawezi kuishikilia rula kwa mkono mmoja huku akichora kwa mwingine, au kunakili umbo rahisi kunamshinda kupita wenzake, mpeleke kwa daktari wa watoto, atakuelekeza kwa mtaalamu anayefaa. Diskalkulia, ugumu wa kudumu katika namba zenyewe, kwa kawaida huonekana kwenye kulinganisha namba, kuhesabu na kushika majedwali. Mtoto anayeyajua hadi 12 hafanani na picha hiyo, ingawa barua haiwezi kuwa kipimo, na ukiona dalili hizo tafuta mwanasaikolojia wa elimu amfanyie tathmini kamili. Hali kadhalika ikiwa tumbo linaanza kumuuma asubuhi za siku zenye hesabu, au analia kila daftari likifunguliwa, usisubiri.

Nje ya hayo, mpe muhula mmoja wa kazi hii ya mikono. Wakati huohuo mwone mwalimu wake, na usiende kubishana kuhusu uzembe. Nenda na daftari ambamo kando ya kila kosa umeandika maneno ya mtoto mwenyewe ya jinsi alivyolipata jibu, na umwombe amwache atumie karatasi ya miraba na vipande vyake darasani kwa wiki chache, pamoja na kumruhusu akadirie kabla ya kupima. Ikiwa muhula utaisha naye bado anazungusha kidole kwenye ukingo akiulizwa eneo, hapo ndipo umtafutie mwalimu wa kumfundisha peke yake, na umpe mwalimu huyo daftari hilohilo siku ya kwanza.